Umri wa Sekela

Katika ofisi ya udahili, Bwana Mbwilo hakumhudumia kijana yeyote aliyeingia bila kumpa shikamoo. Sekela alimwamkia, akaeleza kuwa mfumo ulimwandika amezaliwa 1906 badala ya 2006, na chuo kilikuwa kinafunga usajili siku hiyo hiyo.

"Mfumo haukosei, binti."

"Kwa hiyo mimi kweli ni wa 1906?"

"Kwa ofisi hii, ndiyo. Foleni nzima nyuma yako ni shahidi."

Sekela akavuta kiti, akaketi, akakunja nne.

"Basi, mwanangu, mbona hujaniamkia?"

Foleni ikasogea karibu, ikisubiri shikamoo yake. Bwana Mbwilo akaitazama, akainamia kompyuta. Kufumba na kufumbua, ikasomeka 2006.

Sekela akainuka kwa adabu zote.

"Shikamoo, baba."