Kipupwe Apiga Hodi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa nyumba, na mlango, na mtu ndani!

Haya, sogeeni motoni, maana hadithi yenyewe ni ya baridi. Atakayetetemeka asinilaumu.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji mkubwa wa pwani, kule kusini kabisa, ambako hata jua huchoka likapumzika. Kila mwaka Kipupwe alifika, akakaa siku chache, akaenda zake. Mnamjua Kipupwe? Ndiye baba wa baridi. Mrefu, mkavu, midomo imempasuka.

Mwaka huo alikuja na baridi isiyo ya kawaida. Watu wakaambizana, "Tusimwitikie. Mgeni akipiga hodi tatu asijibiwe, huondoka. Ndiyo ada."

Kweli, ndiyo ada. Kipupwe akaenda kwa mhunzi.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Kimya. Akaondoka, akaenda kwa muuza mafuta.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Kimya. Akaondoka, akaenda kwa kadhi mwenyewe.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Kimya. Kadhi alikuwa chini ya kitanda.

Werevu wale! Hawakufikiri kwamba anayeondoka mlango huu huenda mlango wa pili, na mji ule ulikuwa na milango mingi. Kipupwe akazunguka mwezi mzima, na akiwapo yeye mvua haiji. Visima vikashuka. Majani yakakauka yangali mtini. Mbuzi wakakosa maziwa.

Mwisho wa mtaa aliishi Bi Mwanaidi, mjane, msuka mikeka. Binti zake wameolewa mbali. Hodi ya mwisho mlangoni pake hakuikumbuka ilikuwa lini.

"Hodi! Hodi!"

Ya tatu haikuwahi kupigwa.

"Karibu! Karibu ndani, baba!"

Kipupwe akainama, akaingia, akalia kama mtoto. "Mama, mwaka huu, katika mji huu, wewe ndiye wa kwanza kuniitikia. Nataka kwenda kwetu. Lakini nitaagaje, nami sijakaribishwa? Sasa umenikaribisha. Naomba ruhusa."

Moyo wa Bi Mwanaidi ukashtuka. Hata kuketi hajaketi!

"Kaa kidogo, uji haujaiva."

Akakaa. Wakazungumza mpaka uji ukapoa. Asubuhi akasema, "Naomba ruhusa."

"Kaa kidogo, mkeka haujaisha."

Akakaa. Bi Mwanaidi alisuka huku akicheka, mabega yakimtetemeka kwa baridi. Msimcheke. Mgeni ni mgeni, hata akikupozea uji.

Siku ya tatu Bi Mwanaidi alikwenda kisimani. Ndoo ikarudi na mchanga. Majirani walikuwa pale wamejikunyata, koo zimewakauka hata salamu haziwatoki. Akawatazama, akarudi nyumbani na ndoo tupu.

"Mama, naomba ruhusa."

Bi Mwanaidi akaiweka ndoo chini. Akajifunga kanga vizuri.

"Ruhusa unayo, baba. Twende nikusindikize."

Wakafika konani. "Rudi, mama."

"Bado kidogo."

Wakafika darajani. "Rudi, mama."

"Bado kidogo."

Wakafika nyumba ya mwisho ya mji. "Rudi, mama."

Akarudi. Na alivyokuwa akirudi, mvua ikaanza kunyesha.

Milango yote ikafunguka. Watu wakacheza njiani, vichwa juu, midomo wazi. "Mnaona? Tumemnyamazia, kaondoka!" Bi Mwanaidi akapita katikati yao amelowa chapachapa. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi.

Akafika kwake, akasimama mlangoni.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Kimya. Akaingia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji ulipona, mwenyeji mwenyewe alibaki na upweke wake. Basi anayepiga hodi msimnyamazie, na asiyepigiwa hodi, mpigieni.

Hadithi yangu imeishia mlangoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, mimi nimezoea.

Na ninyi majirani zangu, hodi yenu ya mwisho kwangu ilikuwa lini? Kahawa ipo. Sukari njooni nayo.