Chande kwenye Mlango wa Miiba

Ngano, jamani, ngano.

— Ilete tuipokee.

Ina chumvi kidogo.

— Tia, tuonje.

Na ukweli je?

— Usizidishe.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaagana kabla ya kulana, palikuwa na ukoo wa nguchiro. Walikaa kwenye kichuguu kikubwa katikati ya mbuga. Walikuwa wengi, walikuwa wadogo, na walikuwa na kelele. Katika ukoo huo alikuwamo shujaa mmoja, jina lake Chande.

Ushujaa wa Chande ulianza hivi. Siku moja alimkuta nyoka swila njiani, amekanyagwa na nyati, amekufa zamani. Chande akamsogelea, akainama kumnusa. Mara wenzake wakatokea, wakamwona Chande juu, swila chini. Wakapiga vigelegele.

Chande akasema, "Jamani, mimi nilimkuta tu."

Wakasema, "Mmesikia? Alimkuta."

Chande akasema, "Alikuwa ameshakufa."

Wakasema, "Ameshakufa kweli, hata sisi tunaona."

Tangu siku hiyo Chande akawa shujaa. Akapewa mahali pa kulala mlangoni, penye baridi, maana ndipo wanapolala mashujaa. Chande akafikiri. Akafikiri tena. Hakuelewa.

Sasa mwaka ule mvua haikunyesha. Njaa ikaingia, na nyuma ya njaa wakaja fisi. Hawakuja mmoja mmoja kama walivyozoea. Walikuja jeshi zima, wamepangwa mstari, na mbele yao Jemadari Fisi, dume kubwa lenye shingo kama gogo. Jemadari hakuwafundisha askari wake mambo mengi. Aliwapa amri moja tu: fuata mkia wa aliye mbele yako. Walikuwa wakitembea huku wanaimba:

*Fuata mkia, fuata mkia,*
*Aliye mbele ndiye ajuaye.*

Puu-puu, puu-puu, miguu inapiga chini. Walifika kwa sungura, wakala akiba, kisha wakawala sungura. Walifika kwa nungunungu, wakala akiba, kisha wakawala nungunungu, miiba wakaitema. Asubuhi moja nguchiro wakaona vumbi, na vumbi lilikuwa linakuja kwao.

Mzee Likwata, mkuu wa ukoo, akawakusanya wote. Akasema, "Tukimbilie majabalini. Kule mna nyufa, fisi haingii. Lakini majabali yako mbali, na tuna watoto, na tuna wazee. Fisi watatufikia njiani. Njia yao ni moja tu, lazima wapite Mlango wa Miiba. Anatakiwa mmoja abaki pale awacheleweshe. Nani atabaki?"

Kila mmoja akamtazama jirani yake.

Chande hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamwangalia mama yake, Bi Somoe, ambaye macho yake hayakuona tena na miguu ilikuwa mizito. Alikuwa anawaza, huyu nani atamshika mkono? Basi akainua kichwa akasema, "Mimi nitabaki..."

Alitaka kusema, "Mimi nitabaki nyuma na mama, maana hatembei upesi." Lakini hakufika huko. Watu walishaanza kulia. Mzee Likwata alishamkumbatia. Wengine walishambeba Bi Somoe mabegani. Kila Chande alipofungua mdomo, mtu alimbusu.

Bi Somoe, akiwa juu ya mabega ya watu, akauliza, "Chande, mwanangu, umesema nini?"

"Sijui, mama."

Bi Somoe akasema, "Haya. Basi simama vizuri."

Wakaondoka. Kwata, kwata, kwata, watoto katikati, wazee mbele. Chande akabaki peke yake.

Huo Mlango wa Miiba ulikuwa ni upenyo mwembamba. Huku kichaka cha miiba, kule kichaka cha miiba, katikati njia ya mnyama mmoja. Upande wa machweo, nje kidogo ya vichaka, palikuwa na tope kubwa, tope la zamani, juu limekauka kama ngozi, chini halina mwisho. Na pale pale njiani, karibu na mguu wa Chande, palikuwa na tundu la mchwa. Chande akalipima kwa macho. Linamtosha yeye. Halimtoshi fisi.

Akafikiri. Nikiingia humu, sifi. Akafikiri tena. Nikiingia humu, fisi wanapita. Akageuka akatazama nyuma. Wenzake walikuwa hawajafika hata kwenye mgunga wa kwanza. Basi akasimama kwa miguu miwili, kwa sababu mama yake alimwambia asimame vizuri, naye hakujua kusimama vizuri ni kupi.

Puu-puu, puu-puu. Jemadari Fisi akafika. Akamwona kiumbe kidogo kimesimama wima katikati ya njia.

"Wewe nani?"

"Chande."

"Unafanya nini hapa?"

"Nimebaki."

"Umebaki kwa nini?"

"Sijui," akasema Chande. "Mnaombwa msipite."

"Tukipita kuna nini?"

"Sijui. Sikuelezwa."

Jemadari Fisi alikuwa amekutana na wanyama wengi. Wapo waliomtisha, wakasema simba ni ndugu zao, akawala. Wapo waliomwomba, wakasema wana watoto, akawala. Hakuwahi kukutana na aliyesema hajui. Akanusa hewa. Akawaza, huyu ni mdogo, yuko peke yake, hakimbii, na hata mwenyewe hajui kilichoko huko mbele. Basi lazima kitakuwa kitu kibaya sana, mpaka yeye wamemficha.

Akamgeukia msaidizi wake, fisi mmoja aliyeitwa Madoa. "Nenda ukatazame vichakani. Tazama mashimo. Tazama mitego."

Madoa akaenda. Akatazama huku, akachomwa na miiba, ai. Akatazama kule, akachomwa na miiba, ai. Alichelewa, maana aliogopa, na anayeogopa hukagua hata jani.

Chande akageuka akatazama nyuma. Wenzake wameupita mgunga. Lakini korongo bado, na majabali bado.

Hapo kichwani mwa Chande kitu kikacheza. Akawaza, kumbe mimi nikisema sijui, hawa wanasimama. Je, nikisema najua?

Madoa akarudi, pua imejaa miiba. "Hakuna kitu, Jemadari. Ni miiba tu."

Jemadari akalamba midomo. "Basi tutamla huyu, kisha tutapita."

Chande akasema, "Ndiyo, Jemadari. Hilo nalijua. Mimi nimeachwa kuwa kitoweo. Nimeambiwa niliwe na mkubwa wenu, na akinila mwingine, nyama yangu inamtoa meno. Ila sikuambiwa mkubwa ni nani. Mkubwa wa umri, mkubwa wa mwili, au mkubwa wa cheo?"

Jemadari akasema, "Swali gani hilo? Mkubwa ni mimi."

Madoa akakohoa. "Kwa cheo, Jemadari, sikatai. Lakini kwa umri, mimi nilikuona ukinyonya."

Nyuma yake fisi mmoja mnene, aliyeitwa Kipara, akasema, "Kama ni mwili, jamani, tusidanganyane."

Kukawa na maneno. Maneno yakazaa matusi, matusi yakazaa meno. Madoa akamshika Kipara sikio, Kipara akamshika Madoa mkia. Na kwa kuwa mkia wa Madoa ulikuwa unavutwa huku na kule, askari waliomfuata nao wakaenda huku, wakaenda kule, wakazunguka kama wacheza ngoma, *fuata mkia, fuata mkia*, vumbi tupu.

Chande akageuka akatazama nyuma. Wenzake wameingia korongoni, wanatokea ng'ambo. Akamwona mama yake mabegani, mdogo kama jiwe. Lakini majabali bado.

Jemadari akawapiga wote kwa kifua, mmoja mmoja, pu, pu, pu, mpaka wakatulia. Kisha akainua kichwa, maana vumbi lilikuwa limetua, akatazama mbali juu ya Chande. Akaona. Ukoo mzima wa nguchiro uko wazi, unapanda mlima polepole, na watoto wamebaki nyuma kwa kuchoka.

"Kumbe," akasema Jemadari. "Wewe ulikuwa unatucheleweshea chakula."

Chande alitafuta "sijui", ilikuwa imekwisha kazi. Alitafuta "najua", ilikuwa imekwisha kazi. Tundu la mchwa lilikuwa hapo hapo, hatua moja. Miguu yake ya nyuma ikaanza kwenda yenyewe kwenye tundu. Akaiona inakwenda. Akashangaa, kwa sababu wakati huohuo miguu ya mbele ilikuwa inakwenda kwa Jemadari. Akafikiri, mimi niko wapi kati ya hii na hii? Aliporudiwa na fahamu, alikuwa ananing'inia hewani, na meno yake yamezama kwenye pua ya Jemadari Fisi.

Jemadari akalia kilio ambacho fisi hajawahi kukilia. Machozi yakamziba macho. Akatikisa kichwa, Chande hakutoka. Akampiga chini, pa, mbavu za Chande zikalia, lakini Chande hakutoka. Akamkanyaga kwa mguu, sikio likang'oka, Chande hakutoka. Basi Jemadari akatimua mbio bila kuona, akatoka vichakani, akaelekea machweo. Na askari, wote, kwa mstari, wakaufuata mkia wake. Puu-puu, puu-puu.

*Aliye mbele ndiye ajuaye.*

Ganda la tope likapasuka, krra. Jemadari akaingia mpaka magoti, akaingia mpaka tumbo. Madoa na Kipara, waliokuwa nyuma yake, wakaingia mpaka mapaja, wakajikokota kinyumenyume wakatoka. Jemadari alikuwa mzito, hakutoka.

Akaanza kubembeleza, akisemea puani maana pua ilikuwa na mwenyewe. "Diachie, dugu yagu. Ukidiachia, ditaruka. Usipodiachia, tutazaba sote."

Chande alisikia. Alikuwa mwepesi, angeachia, angeweza kukimbia juu ya ganda la tope mpaka nchi kavu. Akageuza jicho moja akatazama. Majabali yalikuwa pale, na mkia wa mwisho ulikuwa bado uko nje, mkia wa mtoto, unahangaika kuingia kwenye ufa. Akawaza, nikiachia sasa, huyu ataruka kweli, na akiruka, wale wote watamfuata. Akawaza pia, naogopa sana. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakujua lipi lilikuwa linamshika meno. Tope likafika shingoni mwa Jemadari. Chande akatazama tena. Mkia haupo.

Akataka kuachia. Tope likamjaa mdomoni kabla hajaachia.

Askari walisimama ukingoni. Madoa akasema, "Mkia hauonekani."

Kipara akasema, "Tufanyeje?"

"Hatukuambiwa."

Walisimama hapo mpaka jua likainama. Kisha kila mmoja akaondoka na njaa yake, upande wake, na jeshi lile halikuonekana tena.

Kule majabalini nguchiro waliona vumbi likigeuka machweo, wakabishana. Wengine walisema Chande amewafukuza. Wengine walisema amewaongoza, walimwona mbele ya wote, usoni kwa Jemadari. Bi Somoe hakubishana na mtu. Alikuwa akiuliza kila jioni, "Kuna mtu anakuja?" Na mmoja wao alilazimika kusimama kwa miguu miwili, atazame mbugani, ndipo amjibu. Bi Somoe alipokufa, hakuna aliyekumbuka kuwaambia waache. Mpaka leo ukipita mbugani utawaona nguchiro wamesimama wima, wanatazama mbali. Ukiwauliza wanamngoja nani, hawajui.

Ngano yangu imefika, mimi nimebaki hapa. Aliyeielewa aje anieleze.

Na fundisho lake, watoto, mlishike vizuri: asiyejua anachokifanya, asikifanye. Akae chini kwanza, aulize, aelezwe, aelewe. Chande hakuuliza wala hakuelezwa, na matokeo yake ndiyo hayo mnayoyaona: nguchiro wamejaa kila mahali.