Machimbo ya Bibi Nakiete

Hapo zamani, si zamani ya majitu, ni zamani ya malori ya pua ndefu, kulikuwa na machimbo ya mawe juu kabisa katika milima ya Upare, kijiji cha Kisanjuni. Mwenye machimbo alikuwa mjane, Bibi Nakiete. Watu ishirini na saba walipata riziki pale. Wanaume walipasua mawe ya kujengea, wanawake waligonga kokoto, na lori moja lilishusha mzigo tambarare.

Mwaka huo magoti ya Bibi Nakiete yalikataa kupanda mlima, akatangaza kwamba anauza. Akaja mnunuzi kutoka mjini, mtu mpole mwenye kofia nzuri. Alisema atalipa bei yoyote, kisha ataleta mashine ya kufanya kazi ya watu ishirini na watano. Bibi akahesabu kwa vidole. Wangebaki wawili. Akaomba apewe muda afikirie.

Alikuwa bado anafikiria, mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi ya Alhamisi jiwe likaporomoka kutoka kileleni, likakaa katikati ya barabara. Jiwe kubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Upande huu ukuta wa mlima, upande ule mteremko ambao hata mbuzi huufikiria kwanza. Na chini ya mteremko, nyumba ya Mgonja na wanawe sita.

Barabara ilikuwa hiyo hiyo moja, na Jumamosi ilikuwa harusi ya Nakunda, mjukuu wa Bibi Nakiete. Bwana harusi na watu wake walikuwa waje kutoka tambarare. Harusi hiyo ilikwisha kuahirishwa mara mbili, mara kwa surua, mara kwa msiba, na Nakunda alikuwa amesema wazi kwamba ya tatu haiahirishwi, watafute mwali mwingine.

Bibi Nakiete akaletwa kwa machela hadi kwenye jiwe. Akalitazama, akawatazama wafanyakazi wake.

“Atakayenifungulia barabara mjukuu wangu aolewe,” alisema, “huyo namuuzia machimbo kwa bei ya ng'ombe wanne, tena atanilipa polepole. Yule wa mjini nitamwomba radhi.”

Basi akaja kwenye jiwe Mzee Kiboma. Huyu alikuwa amepasua mawe miaka thelathini na minane, hata vifundo vya mikono vikavimba, sasa kazi yake ilikuwa kunoa tindo za wenzake. Alichukua nyundo ndogo akalizunguka jiwe, anagonga, anaweka sikio, anagonga, anaweka sikio. Watu wakacheka, wakasema mzee anabisha hodi. Jua lilipovuka utosi akachukua mkaa akachora mstari, kutoka juu hadi chini.

“Mshipa wake ni huu,” alisema. “Mkigonga kwingine mtagonga mpaka Krismasi.”

Wanaume wakagonga kwenye mstari mpaka jioni. Wakapata ufa wa kuingiza ukucha. Mmoja akataja baruti. Mzee Kiboma akamwonyesha nyumba ya Mgonja kule chini, na baruti haikutajwa tena.

Ijumaa asubuhi akaja kwenye jiwe Namvumo, mgonga kokoto, mama wa watoto wanne, mtu wa maneno machache. Namvumo aliishi chumba cha kupanga. Kwa miaka mitatu alikuwa amefyatua matofali kidogo kidogo, na kwa miaka mitatu alikuwa amekusanya kuni za kuyachoma, ajenge kwake. Alikuja na mzigo wa kuni kichwani, akautua, akarudi kuleta mwingine. Walipomuuliza, alieleza kwamba nyanya yake alikuwa akivunja mawe ya shambani hivyo: unalichoma mpaka linawaka ndani, kisha unalimwagia maji baridi ghafla.

Wakamsaidia kubeba. Kuni zote zikapangwa juu ya mstari wa Mzee Kiboma, na moto ukawaka tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha wanawake wakajipanga na madebe kutoka kwenye mfereji, Namvumo akainua mkono, akaushusha, maji yakamwagwa kwa pamoja. Jiwe likalia mlio uliosikika kijiji cha pili. Mvuke ulipotawanyika, likawa vipande viwili, limepasuka kwenye mstari kama lililokatwa kwa kisu.

Watu wakacheza palepale kwenye tope. Namvumo naye alicheza, halafu akaenda kuyatazama matofali yake mabichi. Kuni zilikuwa zimekwisha, na mvua zilikuwa bado zinaendelea.

Jumamosi asubuhi wanaume wakatia kabari na mitaimbo kuvitenganisha vile vipande. Cha ndani kikaegemea mlima, kikatulia. Cha nje kikatikisika, kikaanza kuinama kuelekea mteremko. Mgonja alikuwa amewahamisha watoto, lakini mama yake alikataa kuhama. Alikuwa uani anasuka mkeka.

Ndipo akaja kwenye jiwe Mbonea, dereva. Lori lilikuwa lake mwenyewe, alilihudumia miaka kumi na moja na kulipangusa kila asubuhi kabla hajanawa uso. Siku hiyo lilikuwa limejaa mawe. Mbonea alipanda, akarudi nyuma kwa kasi mpaka ukingoni, akalikingamisha chini ya lile jiwe, akaruka. Jiwe likalalia lori. Chuma kikapondeka, magurudumu yakapasuka, na jiwe likasimama.

Mbonea aliketi chini akalitazama lori lake kwa muda mrefu. Mgonja akaja akaketi naye. Kule chini, bibi wa mkeka aliuliza ni nani anapiga kelele.

Watu wote wakalishambulia jiwe kwa nyundo, na mchana njia ilikuwa wazi. Msafara wa harusi ukapita ukipiga honi. Mama wa bwana harusi aliteremka kwenye gari akacheza juu ya kokoto na viatu vyake vipya, na Nakunda akaolewa saa tisa alasiri, akicheka mwanzo hadi mwisho.

Baada ya pilau, Bibi Nakiete aliwaita wale watatu mbele ya wageni, kila mmoja aseme lake.

Mzee Kiboma akasema, “Bila sikio langu, kuni zingechomwa pasipofaa na jiwe lingekuwa zima hadi leo. Nimeijua milima hii tangu ujana. Machimbo ni ya anayejua mawe.”

Namvumo akasema, “Bila kuni zangu, mstari wa mzee ungebaki mchoro. Sikio bado analo. Mimi kuni zangu ni majivu, na matofali yangu yatakuwa tope.”

Mbonea akasema, “Bila lori langu, leo tungekuwa tunalia, si kula pilau. Mtasema sikufungua barabara. Kweli. Lakini nani angepita juu yake akienda harusini, na kule chini kuna maiti?”

Namvumo akamwambia kwa upole kwamba lori lile lilikuwa limeanza kufa tangu mwaka juzi. Watu wakacheka, na Mbonea akacheka pia, ingawa alichelewa kidogo.

Mgeni mmoja akashauri wauziwe wote watatu kwa ubia. Bibi Nakiete akakataa katakata. Marehemu mumewe na kaka yake waliyamiliki machimbo hayo pamoja, wakaacha kusalimiana miaka tisa kwa sababu ya mtaimbo mmoja. Machimbo yana mwenyewe mmoja, alisema, na wengine watafanya kazi kwake.

Hapo meza zikagawanyika. Wazee walisema Kiboma, ila wakaulizwa atayaendesha kwa miaka mingapi. Wanawake walisema Namvumo, ila wakaulizwa lini amepasua jiwe la kujengea. Ukoo wa Mgonja ulisema Mbonea na haukutaka kusikia jingine. Hata yule mnunuzi wa mjini, aliyekuwa amepanda na msafara, aliweka sahani chini, akavua kofia, akakiri kwamba angekuwa yeye asingejua.

Bibi Nakiete ana karatasi ya mauzo mapajani. Kila kitu kimeandikwa isipokuwa jina, na nafasi iliyoachwa inatosha jina moja tu. Ameshika kalamu, anawatazama.

Nami nimewafikisha hapo, sipiti. Nyinyi mliosikia yote, msaidieni: kati ya sikio la Kiboma, kuni za Namvumo na lori la Mbonea, je, nani alistahili kuuziwa machimbo?