Nani Aliirudisha Namba ya Zamani?

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, meneja Ambakisye alisimama mbele ya wafugaji wa Rungwe kuusifu mtambo wao mpya wa kulinda maziwa yasiharibike. Akajimiminia maziwa kutoka tangi la ushirika, akasema, "Oneni yalivyo baridi!" akapiga funda moja kubwa. Yakamtokea puani. Tangi zima lilikuwa limechacha.

Wafugaji wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana maziwa yalikuwa yao.

Tangi hilo lililindwa na programu ndogo isiyo na seva yake. Ilikaa kwenye kompyuta za kukodi huko mbali: inaamka, inapima joto, likipanda inatuma ujumbe kwa simu ya fundi wa zamu, inalala tena. Kila kitu chake, hata namba ya simu hiyo, kiliandikwa kwenye faili moja. Faili likisema, mtambo unatenda.

Kabla ya siku hiyo, Lusajo, mwangalizi, ndiye aliyegundua kuwa namba iliyowekwa ni ya fundi aliyekwisha kustaafu. Akaingia mtandaoni, akaibadilisha kwa mkono ndani ya mtambo wenyewe. Ikafanya kazi. Faili hakuligusa.

Tumpe, mwandishi wa faili, akaongeza humo kipimo kingine, akajiandaa kulituma upya kwa mtambo. Mtambo ukaonya: namba ya simu itarudi kuwa ile ya zamani iliyo kwenye faili. Tumpe akampelekea meneja onyo hilo aidhinishe. Ambakisye, aliyetembea nchi nyingi na kusoma menyu za hoteli hadi mstari wa mwisho, hili hakulisoma. Akabonyeza ndiyo. Faili likasema, mtambo ukatenda. Tangi lilipopata joto, ujumbe ukamfikia mstaafu, naye akaufuta akidhani ni matapeli.

"Mmoja wenu anaacha kazi leo," akasema Mama Subilaga, mwenyekiti. "Semeni nani."

"Mimi nilifuata utaratibu," akasema Tumpe. "Ningejuaje kuna mtu amebadilisha namba kimya kimya?"

"Si onyo uliliona?" akadakia Lusajo.

"Nikalipeleka kwa mkubwa! Wewe je?"

"Mimi? Bila mimi maziwa yangechacha kitambo. Kosa lile nililiona peke yangu!"

Ambakisye akajifuta pua. "Mimi naidhinisha wanachoniletea wataalamu. Nikianza kusoma kila neno, wao wa nini?" Akajaribu mzaha. "Au tuufukuze mtambo, mwenyekiti. Si ndio ulioirudisha namba?"

"Mtambo ulisema, baba. Ninyi ndio mliokaa kimya. Taja jina."

Je, wewe unayesikiliza, ungetaja la nani?