Zimwi Aliyetaka Kukimbiliwa

Paukwa!

— Pakawa!

Sijasikia! Mmekula ugali au mmemeza mwiko?

— PAKAWA!

Hapo kale palikuwa na Zimwi jike, Bi Mamung'unye: jicho moja, meno tisa, mtoto hana. Jirani yake alikuwa Bi Tetea, kuku mwenye vifaranga sita.

Kila siku Zimwi alichungulia uani. Bi Tetea akiita "Ko-ko-ko!" vifaranga wanakuja kula, taratibu, mmoja anasimama kujikuna. Akiita "Krrr!" wote wanatimka, wanazama chini ya mbawa zake, kimya.

"Ona mbio hizo!" Zimwi akasaga meno. "Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?"

Basi, siku moja jioni akamfunika Bi Tetea kwa tenga, akaweka jiwe juu. Akameza unyoya wa uchawi, pwaa! Akawa kuku. Sharti lilikuwa hili: jua likizama vifaranga wakiwa chini ya mbawa zake, ni wake milele. Wasipokuwapo, abaki kuku milele.

Akafukua mchwa. "Ko-ko-ko!"

"Pwii! Pwii!" Hao wakaja, taratibu.

"Wanangu, huyo si mama!" Bi Tetea akalia tengani. "Ko-ko-ko!"

"Mama, huko kuna mchwa?"

"Hakuna!"

"Basi tunakuja, tumalize hawa."

Matumbo yakajaa, baridi ikaingia. Mmoja mmoja, wakipiga miayo, wakajikunyata chini ya mbawa zilizokuwa karibu, za Zimwi. Jua limebaki kama punje ya hindi. Anyamaze tu, ameshinda!

Anyamaze? Huyo?

"Wamekuja wanatembea!" akafoka. "Kwake wanakimbia! Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi? Tokeni nje! Mje upya, kwa mbio!" Akawasukuma nje, akavuta pumzi: "KRRR!"

Lahaula! Hiyo ndiyo sauti ya kuwa kipanga yuko angani. Nani tena akumbuke mchwa?

"Mamaaa!" Vifaranga wakapenya matundu ya tenga, sita wote, hadi kwa mama yao.

"Huku! Mimi niko huku!" Zimwi akagonga tenga kwa mdomo. Ko! Ko! Ko! Jua likazama.

Asubuhi mwenye nyumba akamfungulia Bi Tetea, akakuna kichwa. "Mke wangu, huyu kuku wa jicho moja katoka wapi?"

"Sijui, baba. Ila mtazame, ananuna kama mke mwenza."

Mpaka leo, ukisikia kuku anapiga "krrr" na angani hamna kipanga, ndiye huyo. Bado anangoja kukimbiliwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, imeatamia. Wanangu, wivu ulimwonyesha Zimwi mbio, ukamficha hofu. Alikuwa na watoto kifuani, akawatoa mwenyewe.