Bwire na Picha za Baadaye

Mtu mmoja wa Musoma, jina lake Bwire, alikuwa na kamera nzuri, na alikuwa na mke, Nyanjura, aliyekuwa akipoteza macho. Daktari aliwaambia kwamba presha ya macho ilikuwa imeharibu mengi, na kwamba Nyanjura angeendelea kuona kwa miezi michache tu.

Ilikuwa Septemba, mwezi ambao ndege wembamba wa miguu mirefu huwasili kutoka nchi za baridi na kutua kwenye matope ya ufukwe wa ziwa. Nyanjura aliwapenda tangu usichana wake. Basi Bwire akaazimia kumpigia picha za ndege hao wote. Kila asubuhi alitoka peke yake, akalala kifudifudi kwenye matope, akarudi mchana amechoka. Alikusudia kuzikuza picha hizo zienee ukuta mzima, ili mkewe aambulie kitu hata macho yatakapofifia. Alifanya hivyo kwa upendo, wala hakupumzika hata Jumapili.

Nyanjura alimwomba mara mbili waende wote. Mara zote mbili alimjibu kwamba wakiwa wawili wangewatimua ndege, avumilie kidogo, kazi ikamilike.

Siku moja Bwire alipokuwa akitoka alimkuta mkewe amekaa mlangoni, amekwisha vaa viatu.

"Baba Mafuru," akasema Nyanjura, akimwita kwa jina la mtoto wao, "unaniwekea ya kesho, na leo bado ninaona."

Bwire aliona haya. Akairudisha kamera kabatini, akamshika mkono, wakashuka ziwani.

Ni kweli ndege waliruka, kundi zima. Wawili hao wakaketi juu ya jiwe, wakanyamaza. Baada ya nusu saa ndege wakarudi mmoja mmoja, wakichokoa matope kwa midomo yao mirefu, na mmoja akapita karibu kabisa na miguu ya Nyanjura. Akacheka bila sauti. Bwire, aliyewatazama ndege hao mwezi mzima, safari hii alimtazama mkewe.

Walikwenda kila siku. Januari macho yakazima kabisa. Lakini Septemba iliyofuata Nyanjura ndiye aliyeisikia milio yao kwanza, akiwa anamenya viazi, akamwambia mumewe kwamba wamefika. Wakashuka tena, naye Bwire akamsimulia kila alichokiona, kwa maana sasa alijua kutazama.

Nawauliza ninyi mnaojichosha kwa ajili ya watu wenu: wao wamewaomba nini, nanyi mnawapa nini?