Kidole cha Zamzam

Kariakoo nzima ilimjua Zamzam kwa urefu wake. Alipokatiza Mtaa wa Kongo katikati ya meza za wauza viatu, kichwa chake kilielea juu ya umati kama bendera, na wasukuma mikokoteni walisimama kumsalimu. Msichana huyu, aliyelelewa na mama yake katika ghorofa moja la Mchafukoge, alikuwa amejipatia jina na riziki katika mchezo ambao wengi mjini waliudhani ni wa watalii tu: mpira wa wavu wa ufukweni, wawili kwa wawili, miguu peku mchangani.

Mwenzake uwanjani alikuwa Candida, mfupi, mwepesi kama unyoya. Zamzam alisimama wavuni kuzuia, naye Candida alibaki nyuma kuokoa. Kwa kuwa kelele za mashabiki humeza sauti, Zamzam alizungumza na mwenzake kwa vidole, mkono ukiwa nyuma ya mgongo. Kidole kimoja: nazuia pembeni, wewe linda kati. Viwili: nazuia kati, wewe linda pembeni. Mwalimu Rogath ndiye aliyewafunza lugha hiyo, na kwa hiyo wakawabwaga wengi hadi wakaingia fainali ya kutafuta jozi itakayoliwakilisha taifa ng'ambo.

Hapo ndipo washauri walipoanza kuota kama uyoga wakati wa masika.

Wa kwanza alikuwa mjomba wake, Nurdin, muuza jezi wa Kariakoo, aliyekuwa akimgharamia safari za mashindano. Alimwita dukani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimewatazama. Mnacheza kwa woga mno! Kuzuiazuia kwa nini? Mungu kakupa urefu, wewe piga tu."

"Lakini mwalimu anasema..."

"Mwalimu kakusafirisha wapi?"

Zamzam akaaga, akaondoka.

Haukupita muda, akazuka Eliasi, kijana wa Buguruni aliyemfanyisha mazoezi ya viungo. "Hizo alama zenu kila timu inazijua," akamwambia. "Zigeuzeni! Kimoja kiwe kati, viwili viwe pembeni. Watapotea njia."

Zamzam aliona ni busara. Candida alikubali shingo upande. Lakini Mwalimu Rogath alipowaona mazoezini, alikuja juu kama moto wa kifuu. "Fainali iko mlangoni, ninyi mnabadili lugha? Rudini kule kule!"

Zamzam hakuwa mtu wa kumuudhi mtu. Kwa mwalimu akasema sawa. Kwa Eliasi akasema sawa. Kwa mjomba naye, sawa. Tangu hapo, akikaa, akisimama, vidole vyake vilikuwa vikijikunja na kujikunjua vyenyewe.

"Mama, nimsikilize nani?" aliuliza asubuhi moja.

"Mpira mimi siujui, mwanangu," mama akamjibu huku akimmiminia chai. "Wewe ndiye unayeujua."

"Hata mimi sijui kama bado naujua."

Siku ya fainali, ufukwe wa Kigamboni ulifurika watu. Washauri wote watatu walikuja, kila mmoja akakaa upande wake. Mchezo ukawa vuta nikuvute hadi seti ya mwisho, wapinzani wakibakiza pointi moja tu washinde. Zamu ya kuanzisha mpira ilikuwa ya Candida.

"Piga, mwanangu, piga!" mjomba alinguruma.

"Kumbuka tulivyogeuza!" Eliasi akapaza sauti.

Rogath alimkazia macho tu, na macho yale yalikuwa na kelele kuliko midomo ya wenzake.

Zamzam akapeleka mkono nyuma ya mgongo. Akatoa kidole kimoja. Ghafla kichwa kikamzunguka kama pia: kimoja cha nani? Cha mwalimu au cha Eliasi? Akatoa viwili. Akakunja kimoja. Akatoa tena.

"Kipi?" Candida aliita kutoka nyuma.

Filimbi ikalia. Candida hakuwa na budi kuupiga mpira, akakimbilia ndani. Wapinzani wakaupokea, wakaunyanyua. Zamzam akaruka kuzuia pembeni. Candida naye akachupa kuokoa pembeni. Mpira ukadondoka katikati, peke yake, ukatulia mchangani.

Shangwe zikalipuka upande wa pili. Zamzam alipiga magoti asijue kilichompata.

"Nisamehe, Candida."

Candida alijifuta mchanga usoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Zamzam zaidi. "Nimekusamehe, shoga yangu. Lakini mimi nilikuja kucheza na mtu mmoja. Leo wavuni mlisimama wanne, na sikujua ni nani anayenionesha kidole. Msimu ujao nitatafuta mwenzangu mwingine."

Akatwaa begi lake, akashika njia ya kivukoni. Zamzam aliinuka amkimbilie.

"Zamzam, njoo hapa!" mjomba akaita. "Zamzam, nisikilize mimi!" Eliasi akadakia. "Zamzam!" Mwalimu Rogath naye akafoka.

Akageuka huku, akageuka kule, asijue pa kuelekea. Alipotazama tena, Candida alikwisha kumezwa na umati wa watu waliokuwa wakivuka kurudi mjini.

Ama kweli, manahodha wengi, chombo huenda mrama.